Stendi ya Tangi la Samaki: Kubeba Uzito ni Nusu tu ya Kazi

Muulize mwanafunzi yeyote stendi nzuri ya tangi la samaki ni ipi, atakujibu fasta: iliyo imara. Jibu siyo baya, ila halijakamilika. Kuna stendi za chuma ambazo ungeweza kupandisha pikipiki juu yake zisitikisike, na bado hazifai kuwekewa kioo. Kwa wenzangu mnaofikiria kufuga samaki hosteli, maabara au kwenye chumba cha klabu, tupitie hili jambo polepole. Hesabu zake ni zilezile tunazozidesa usiku wa kuamkia mtihani, tofauti ni kwamba hapa ukikosea hakuna sapu. Kuna maji sakafuni.

Kwanza, uzito

Nachukua mfano wa tangi la klabu yetu: urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Ujazo wake ni lita 270, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo chake kina unene wa milimita 10, na densiti ya kioo ni kama gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Ukijumlisha kitako na kuta nne unapata kama kilo 55. Ongeza mchanga na mawe, maana sisi tulitaka mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba. Ukishatoa maji ambayo mawe yanayasukuma nje, weka kilo 50.

Jumla ni kilo 375, yaani mifuko saba na nusu ya saruji, imepangwa kwenye eneo dogo kuliko godoro la hosteli. Halafu mzigo huu hauondoki. Meza ya kusomea hubeba kompyuta na viwiko vyako kwa saa mbili. Stendi hubeba kilo 375 usiku na mchana, mwaka mzima.

Miguu haina shida, boriti ndiyo yenye shida

Watu wengi huhangaikia miguu. Ukitumia bomba la chuma la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 2, mguu mfupi wa sentimita 70 uliosimama wima unaweza kukandamizwa kwa zaidi ya tani 5 kabla haujashindwa. Minne inatosha na kubaki.

Sasa tazama boriti ya juu, ile inayolala kutoka mguu hadi mguu. Ya mbele inabeba nusu ya mzigo, kama kilo 190, kwenye urefu wa sentimita 120. Ukipiga hesabu ya kupinda kwa bomba lilelile, katikati linashuka karibu milimita 3. Kwa macho hutaona kitu. Kioo kitaona.

Dawa yake ni rahisi: weka mguu mwingine katikati, mbele na nyuma. Kupinda kwa boriti yenye mzigo uliosambaa huenda kwa urefu kipeo cha nne, kwa hiyo ukigawa urefu nusu, kupinda kunapungua mara 16. Milimita 3 zinakuwa chini ya robo milimita. Miguu miwili ya ziada haimalizi bumu la mtu.

Kama unatumia mbao, kanuni ni ileile, na ya kuongeza ni moja: boriti ikalie kichwa cha nguzo. Isining'inie kwenye misumari au skrubu za pembeni. Uzito ushuke mbao juu ya mbao mpaka sakafuni, skrubu zibaki na kazi ya kushikilia tu. Na ukiepuka chipubodi utajishukuru, kwa sababu ikilowa huvimba na haisinyai tena.

Kuinama ni kitu kimoja, kusokoteka ni kingine

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Stendi yetu ililetwa siku ya Ijumaa. Jumatatu klabu ilikuwa na wageni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuikagua kabla maji hayajaingia. Tulipoweka tangi tupu juu yake, pembe tatu zilikaa, ya nne ikabaki hewani. Kitambulisho cha chuo kilipita chini yake bila kusukumwa.

“Shikamoo fundi. Hii pembe haijagusa.”

“Marahaba, kijana wangu. Hiyo ndogo sana. Maji yakiingia litakaa lenyewe.”

Mwenyekiti wetu akaafiki, maana matangazo yalikuwa yameshabandikwa. Nikaomba nusu saa.

Kauli ile ya fundi ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli litakaa. Kilo 375 zikishuka, lazima kitu kimoja kikubali kupinda. Stendi yetu ilikuwa ya chuma kigumu. Kilichobaki ni kioo.

Fikiria kigoda cha miguu mitatu. Hata sakafu iwe mbovu vipi, hakichezi. Meza ya miguu minne ndiyo unayoitafutia kipande cha karatasi. Nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja. Ya nne inaweza kukataa. Ikikataa, tangi linasokotwa kama kitambaa cha kudekia. Kioo huvumilia sana kukandamizwa, lakini kikivutwa ni dhaifu, na hakitoi taarifa. Chuma hupinda kwanza ukaona. Kioo hupasuka tu. Kumbuka pia kwamba maji yenyewe tayari yanasukuma kioo cha mbele kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 150. Ukiongeza msokoto juu ya hapo, silikoni ya kwenye pembe inaweza kuachia leo, au baada ya wiki sita saa tisa usiku.

Kuinama ni kesi nyingine. Stendi ikiwa bapa lakini imelala kidogo upande mmoja kwa sababu ya sakafu, unaweka vipande vya chuma au plastiki ngumu chini ya miguu mpaka pima maji itulie. Ila kabari ziwekwe kati ya stendi na sakafu. Usiweke kabari kati ya stendi na tangi hata siku moja, maana hapo unatengeneza nukta ile ile inayovunja kioo.

Pima maji peke yake inaweza kukuficha msokoto, kwa hiyo tulitumia nyuzi mbili. Funga uzi kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, halafu wa pili ukatize wa kwanza. Bapa likiwa zuri, nyuzi zinagusana bila kusukumana. Badilisha, wa chini uwe wa juu, kisha angalia tena. Sisi tulipata nafasi ya milimita 2 katikati. Kwa jiometri ya kawaida, nafasi ya katikati ni nusu ya kosa la pembe, kwa hiyo pembe ile ilikuwa imepotoka kama milimita 4.

Fundi mwenyewe alizitazama zile nyuzi, akanyamaza kidogo, akasema, “Moto umeivuta.” Ndivyo ilivyo: ukichomelea upande mmoja hadi mwisho, chuma kikipoa kinavuta fremu. Akairudisha karakana, akakata viungo viwili, akaibana kwenye bamba lililonyooka na kuchomelea upya kwa kuruka pembe hadi pembe. Jumatatu wageni walikuta tangi tupu sakafuni. Baadhi yetu tulinuna. Lakini chumba kile kina soketi usawa wa magoti na watu hukaa kusoma mita moja kutoka hapo.

Sponji, pembetatu na sakafu

Tangi lisilo na fremu ya plastiki chini, kama letu, linataka bamba zima la kulalia na sponji nyembamba ngumu juu yake. Sponji inameza punje ya mchanga au tone la rangi. Haiwezi kunyoosha stendi iliyosokoteka. Tangi lenye fremu ya plastiki halihitaji sponji: linakalia kingo, na sponji itakisukuma juu kioo cha chini ambacho hakikukusudiwa kuguswa.

Kisha sukuma stendi kwa ubavu. Ikicheza, mstatili wako unataka kuwa msambamba. Weka bomba la mshazari nyuma ili upate pembetatu, kwa sababu pembetatu haina pa kukimbilia.

Mwisho, gonga vigae. Vinavyotoa sauti tupu havijashika saruji chini. Hamisha, au weka bamba pana chini ya kila mguu. Kama mko ghorofani, kaeni karibu na ukuta au juu ya boriti, na muulizeni mhusika wa majengo kabla.

Mpe maji mtihani wake

Jaza robo, simama, pima tena kwa pima maji. Jaza nusu, pima. Robo tatu, pima. Kila hatua angalia umbali kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa kioo katika pembe zote nne. Kama tofauti inaongezeka kadiri unavyojaza, stendi au sakafu inashuka: toa maji, usisubiri. Ikitulia, liache limejaa saa 24 bila samaki.

Sisi tulifanya hivyo wiki iliyofuata, na vipimo vya pembe nne havikubadilika. Na wewe ukiambiwa “litakaa lenyewe”, uliza swali moja tu: kati ya stendi na kioo, nani ndiye atakayepinda?