Kwa Nini Herufi Hizi Zina Pembe?

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuandika tangazo la mchezo wetu wa kuigiza. Mchezo ulikuwa wa majoka na mashujaa, basi nikachagua zile herufi zenye pembe kali, kama zilizochongwa kwa kisu. Nikaandika kwazo tangazo zima: jina la mchezo, mahali, siku na saa. Lilipendeza sana, lakini wageni wengi hawakuweza kuisoma saa. Walifika mchezo ukikaribia kwisha, na aibu ikanipata mimi. Tangu hapo nimejifunza asili ya herufi hizi, nami nataka kuwaeleza.

Zamani watu wa Ulaya ya kaskazini walikuwa na herufi zao, ziitwazo runi. Huko Vimose, Denmark, kilipatikana kitana chenye runi, cha yapata mwaka 160. Watu hao walichonga maneno yao katika mti, mfupa, chuma na jiwe.

Sasa chukua kisu na kipande cha ubao laini, ujaribu kuchonga herufi O. Utaona kisu chavutwa na nyuzi za mti, na mviringo waharibika. Lakini ukichonga mistari minne ya mshazari iliyokutana, kazi ni rahisi. Tena, mstari unaofuata nyuzi za mti hupotea ndani yake. Ndiyo sababu runi za kale zina mistari ya wima na ya mshazari, na ile ya kulala ni nadra. Pembe zile, basi, hazikuwa pambo. Zilitokana na kisu na mti.

Mwaka 1937 Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa kitabu chake The Hobbit, akatia runi katika ramani yake. Hata leo tukiona herufi za namna hiyo, twafikiri mara moja juu ya mapango, hazina na majoka.

Fundi mwingine ni Rudolf Koch, Mjerumani. Mwaka 1923 alitoa herufi za chapa ziitwazo Neuland. Hakuzichora kwanza katika karatasi, bali alizichonga moja kwa moja katika chuma. Kwa hiyo herufi ile ile hutofautiana kidogo katika kila ukubwa. Tena zote ni herufi kubwa tu. Zilionekana katika mabango ya filamu ya Jurassic Park, mwaka 1993.

Hapo ndipo nilipolitambua kosa langu. Herufi hizi ni kama ngoma: huita watu, lakini haziwaelezi habari. Jina la mchezo, maneno mawili au matatu, lafaa kuandikwa kwazo. Saa na mahali viandikwe kwa herufi za kawaida, ambazo hata mzee asiyeona vizuri ataweza kuzisoma.

Tangazo la muhula huu nimeliandika hivyo. Nalitazameni ubaoni, ndugu zangu, mkaje mapema.