SOMO LA AFYA: Kulegeza Mwili Baada ya Kupasuliwa



Huenda umepata kuuguza mtu aliyepasuliwa. Labda ni mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Labda ni mzee aliyetibiwa ngiri.

Dawa ya ganzi ikiisha nguvu, maumivu huanza. Mgonjwa huogopa. Akiogopa, hukaza meno, mabega na tumbo. Misuli iliyokazwa huuvuta mshono, na maumivu huzidi. Ni kama fundo la kamba: ukizidi kuvuta, linazidi kukaza.

Tena mgonjwa huvuta pumzi fupi fupi, naye hataki kukohoa. Ndugu zake humwambia, "Usikohoe, mshono utafumuka!" Hilo siyo shauri jema. Makohozi yakibaki kifuani huweza kuleta kichomi, yaani nimonia. Kichomi huua.

Basi tujifunze njia tatu.

1. Kupumua. Lala chali, kunja magoti kidogo. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka tumbo liinuke. Itoe polepole kwa mdomo, kama unapuliza chai ya moto. Fanya mara tano, kisha pumzika. Rudia mara nyingi mchana. Ukisikia kizunguzungu, acha kwanza.

2. Kulegeza. Kunja ngumi, ikaze, hesabu mpaka tano. Sasa achia. Sikia mkono unavyokuwa mzito. Fanya hivyo kwa mabega, uso, halafu miguu. Usikaze mahali penye mshono. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani aliieleza njia ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1929.

3. Kukohoa. Kunja kanga iwe nene. Iweke juu ya mshono, ishikilie kwa mikono miwili. Vuta pumzi, kisha kohoa. Kanga inashikilia mshono, maumivu yanapungua.

Jifunze njia hizi kabla ya kupasuliwa. Mtu mwenye maumivu makali hajifunzi upesi. Wewe unayeuguza, kaa karibu naye, mhesabie polepole.

Lakini angalia! Njia hizi haziondoi haja ya dawa. Zinaisaidia dawa. Mgonjwa ameze dawa kwa saa alizoambiwa, asingoje maumivu yawe makali. Yakizidi, amwambie muuguzi. Kunyamaza siyo ushujaa.

Kama mgonjwa amekwisha rudi nyumbani, mrudisheni hospitali mara moja mkiona homa, usaha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana, au maumivu yanayozidi kila siku.

MASWALI
1. Kwa nini hofu huzidisha maumivu?
2. Kanga inasaidia nini wakati wa kukohoa?
3. Taja dalili tatu za kumrudisha mgonjwa hospitali.

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma. Kisha fanyeni zoezi la ngumi pamoja.