Kompyuta ya Chama: Tubadili Mfumo au Tusibadili?

Huenda chama chenu cha ushirika kina kompyuta. Ndani yake mna hesabu za mazao ya wanachama. Hesabu hizo zikipotea, ni jasho la wengi limepotea.

Kompyuta huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Mmojawapo ni Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya mfumo huo. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Lakini ghala lisilozibwa nyufa husimama, na panya huingia.

Je, mhamie Windows 11? Kwanza pimeni mashine yenu. Mfumo huo huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, na nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi. Huhitaji pia kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina.

Mashine ikifaa, badilini. Mwenye Windows 10 halali halipi. Lakini kabla ya kubadili, nakilini hesabu zote kwenye flashi, kisha hakikisheni zinafunguka. Msibadili katika msimu wa malipo.

Mashine isipofaa, msikimbilie kununua nyingine. Mnaweza kuweka Linux, mfumo usiolipiwa. Au itoeni kwenye intaneti, wala msichomeke flashi ngeni.

Maswali
1. Kwa nini tunanakili hesabu kabla ya kubadili mfumo?
2. Kompyuta ya chama chenu ina kumbukumbu ya gigabaiti ngapi?