Asili na Maana ya Jina "Waiyaki"

Utangulizi

Abiria atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands, Kangemi na Kikuyu hupitia Barabara ya Waiyaki. Makondakta hulitaja jina hilo mchana kutwa, ilhali ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Makala haya yanachunguza historia, umbo na maana yake.

Mwenye jina

Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu. Mwaka 1890, miaka tisa kabla ya reli kufika Nairobi, alikula kiapo cha amani na Kapteni Frederick Lugard huko Dagoretti. Amani hiyo haikudumu. Mwaka 1892 alikamatwa katika ngome ya Fort Smith, karibu na Kabete, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mhusika mkuu wa riwaya yake ya mwaka 1965, The River Between, jina hilohilo.

Umbo la jina

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kuligawa jina hili kuwa "wa" na "Iyaki". Mgawanyo huo si sahihi. "Wa" ya unasaba ni ile inayotangulia Hinga, nayo inalingana na "wa" ya Kiswahili katika "mwana wa Hinga". Kwa mujibu wa masimulizi, ukoo huu una asili ya Kimaasai, na jina lenyewe lilikuwa Koiyaki. Koiyaki ni jina linalofahamika hadi leo katika nchi ya Wamaasai, Narok. Lilipoingia katika lugha ya Kikuyu, lilichukua mwanzo uliozoeleka katika majina kama Waweru, Wachira na Wambui.

Kutoka jina la mtu hadi la ukoo

Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, naye wa pili la babu mzaa mama. Hivyo, jina la baba linalofuata "wa" hubadilika kila kizazi. Shule, kanisa na kipande cha mkoloni vilitaka jina lisilobadilika. Ndipo jina la mtu mmoja likawa la ukoo mzima, na "wa" mara nyingi ikadondoshwa.

Hitimisho

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jina lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitosha kumtia Mkenya hatarini, kwa kuwa lilichukuliwa kuwa ushahidi wa kabila lake. Jina Waiyaki linatoa hoja kinyume: lile linalohesabiwa kuwa la Kikuyu halisi lina mizizi katika Umaasai. Maana yake, basi, haimo katika mzizi wa neno pekee, bali pia katika safari ya watu waliopokeana, wakaoana na kuitana. Mwanafunzi wa isimu asiridhike kuuliza jina ni la kabila gani. Aulize limepitia kwa nani.