Anayebeba Bunduki Anaitwa Nani?



Ndugu zangu wanafunzi, wa kike na wa kiume, katika darsa letu hapa Area 18 swali moja limerudi mara nyingi tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025: je, serikali iwape vijana raia bunduki ili wajilinde? Wengi wetu tuna jamaa Kivu, na wengine familia zao ziko Dzaleka. Kwetu swali hili si la kupitisha muda. Wapo vijana wanaolipima ili waamue warudi au wabaki.

Nimegundua kwamba jibu la kijana mara nyingi hufuata jina alilosikia kwenye habari. Akisikia Wazalendo wamepewa silaha, anaunga mkono. Akisikia wanamgambo wamepewa silaha, anapinga. Watu ni walewale na bunduki ni zilezile.

Tutazame jina hilo lilivyoenea. Novemba 2022 Rais Tshisekedi alilihutubia taifa, akawataka vijana wajiunge na jeshi na waunde vikundi vya ulinzi. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya jeshi la akiba. Makundi yaliyokuwa yakiitwa Mai-Mai, na mengine kama APCLS yaliyokuwa na silaha miaka mingi kabla ya hapo, yakawa yanatajwa kama Wazalendo. Mzalendo ni neno zuri, ni mtu anayeipenda nchi yake. Kwa uzuri wake, ukishalisikia huoni tena haja ya kuuliza kama mtu huyo amefunzwa, kama ana kamanda, au kama akimnyang'anya mama mazao yake atashitakiwa wapi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti maovu ya M23, na pia maovu ya makundi ya Wazalendo.

Upande wa pili nao una majina yake. M23 hujiita wakombozi, Kinshasa huwaita magaidi. Hata askari wa Malawi waliotumwa huko na SADC, ambao baadhi yao waliuawa Januari 2025, hapa Lilongwe tuliwajua kama walinda amani, ilhali Rais wa Rwanda alisema hadharani kuwa kikosi chao si cha kulinda amani bali ni cha kupigana.

Kanda yetu inajua gharama ya majina. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, ikawaita Watutsi mende. Mwaka uliofuata watu waliuawa kwa mapanga na bunduki. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake. Rufani ya 2007 ilipunguza adhabu, lakini hatia ya uchochezi kupitia redio ilibaki.

Dini yetu imetupa adabu ya jambo hili. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Surat an-Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wanaoeneza habari ya amani au ya hofu mara tu inapowafikia, kabla ya kuirejesha kwa wenye kuweza kuichambua. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Hakuangalia sifa ya mwenye mshale. Aliangalia usalama wa wanaopita.

Simwambii aliyechomewa kijiji chake kwamba hana haki ya kujitetea. Sharia inaitambua haki hiyo. Ninachosema ni kwamba aamue kwa hoja, asiamuliwe na jina.

Basi tufanye zoezi hili kabla ya darsa lijalo. Chukua tukio moja la Kivu, lisikilize Radio Okapi, BBC Swahili na DW Kiswahili, kisha soma ujumbe wake unaozunguka WhatsApp. Andika kila mmoja amemwitaje mwenye bunduki. Futa majina yote hayo, weka "mtu mwenye bunduki", halafu jibu:

1. Nani amempa bunduki, na kwa sheria ipi?
2. Anamtii nani?
3. Akimdhulumu raia, nani atamhukumu?
4. Vita vikiisha, nani ataichukua bunduki hiyo?
5. Mtoa habari ameyaona haya mwenyewe, au amesimuliwa na upande mmoja?

Maswali yasiyopata jibu yaandike pia, maana hapo ndipo habari ilipopungua. Na ujumbe ambao hukuweza kuuhakiki usiupeleke Dzaleka, ambako kuna watu wa pande zote wanaochota maji bomba moja.

Allah atujaalie tuwe wenye kusema kweli na wenye kuzuia damu. Wabillahi tawfiq.