Nyimbo za Miku zitakazochangamsha chumba kizima

Swali: Nasoma Osaka, na wenzangu wa maabara wamenialika karaoke. Nazipenda nyimbo za Hatsune Miku, mwimbaji wa sauti ya kompyuta, ila wao si wafuatiliaji. Niimbe zipi?

Jibu: Anza na Senbonzakura wa Kurousa-P, uliotoka mwaka 2011. Kundi la Wagakki Band liliurudia kwa ala za jadi za Kijapani, hivyo hata asiyemjua Miku huenda anaufahamu, na kiitikio chake kinawafaa watu wengi kwa pamoja.

Kisha vuta mtu wa kuimba naye Roki wa mikitoP, ingawa huo si wa Miku bali wa Kagamine Rin, sauti nyingine ya kompyuta. Umetungwa kwa sauti mbili zinazopokezana, kwa hiyo hutabaki peke yako na maiki. Kwa mashabiki wa mwimbaji Kenshi Yonezu, chagua Matryoshka: aliutunga mwaka 2010 akijiita Hachi, kabla hajavuma kwa jina lake. Watausikiliza kwa hamu.

Jihadhari na kasi. Sauti ya kompyuta haihitaji kuvuta pumzi, na watunzi wengi waliitumia nafasi hiyo wapendavyo. Hatsune Miku no Shōshitsu wa cosMo, kwa mfano, hutema maneno mfululizo hadi ulimi unakwama. Uuache kwa siku mkiwa mashabiki watupu. Nyimbo nyingi pia ziko juu mno, hasa kwa sauti ya kiume. Rimoti ya karaoke ina kitufe cha kushusha ufunguo wa wimbo: kibonyeze kabla ya ubeti wa kwanza, si baada ya koo kukauka.