Mwalimu Mshauri na Siri za Watoto

Katika shule zetu nyingi yuko mwalimu aitwaye mwalimu wa ushauri na unasihi. Jina lake twalijua, lakini kazi yake wengi hatuijui. Wengine husema, "Huyu ni wa kuwaonya watundu." Wengine husema, "Ni wa kuwanyamazisha waliao." Basi mwezi huu tujifunze habari zake: kazi hii ilianzaje, yampasa kufanya nini, na ni mambo gani yamzuiayo.

1. Asili ya kazi hii

Kazi hii ilianza kwa ajili ya vijana watafutao kazi. Mwaka 1908 bwana mmoja, jina lake Frank Parsons, alifungua ofisi katika mji wa Boston, Marekani, ili kuwasaidia vijana kuchagua kazi ya kufanya. Aliwafundisha mambo matatu: kijana ajijue mwenyewe, azijue kazi jinsi zilivyo, kisha ayapime hayo mawili pamoja. Alifariki mwaka uo huo, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1909. Neno moja katika mafundisho yake latufaa hata leo: mshauri hamchagulii kijana. Humsaidia kuona, na kijana mwenyewe huchagua.

2. Kazi zake

Kwanza, masomo. Mtoto aliyekuwa akifaulu, naye sasa anashindwa, ana sababu. Mshauri huitafuta kwa upole. Pili, maisha ya baadaye: masomo gani yampeleka mtoto katika kazi gani. Tatu, mashaka ya nyumbani na ya moyoni: mtoto aliyefiwa, alalaye na njaa, apigwaye kupita kiasi. Tena, tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imewaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba kurudi katika shule zake. Msichana wa namna hii huingia darasani akiogopa kuchekwa, na mtoto mchanga amemwacha nyumbani. Asipokuwapo mtu wa kumpokea, siku ya pili hatarudi.

3. Mambo yamzuiayo

La kwanza ni wakati. Chama cha washauri wa shule cha Marekani chashauri kwamba mshauri mmoja awe na wanafunzi 250, naye huyo hana kazi nyingine. Kwetu, mara nyingi mshauri ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha kama wenzake wote. Mtoto huja saa ya mapumziko, na kabla hajamaliza kulia kengele imelia.

La pili ni mahali. Pasipo chumba, huzungumza chini ya mwembe, shule nzima ikitazama. Jioni wenzake humwuliza mtoto, "Umefanya nini wewe?"

La tatu ni fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zasema kwamba viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, wala visizidi vinne. Tuseme ruhusa hiyo amepewa mwalimu mshauri. Asubuhi ameshika fimbo, mchana amwambia mtoto, "Mwanangu, niambie yaliyo moyoni mwako." Mtoto atajibu, "Sina neno, mwalimu." Kumbe alikuwa nalo.

4. Siri

Hapa ndipo penye uzito. Mshauri hutunza siri. Asiyetunza, hataambiwa tena. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu ajuaye kwamba haki za mtoto zavunjwa apeleke habari kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo mshauri asiahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Aseme tangu mwanzo, "Maneno yako nitayatunza. Lakini nikiona u katika hatari, nitatafuta mtu wa kukusaidia, nawe nitakuarifu kwanza." Mtoto aliyeambiwa hivyo hatajiona amesalitiwa.

Na ikiwa mtesaji ni mtu wa heshima? Pengine ni mjomba wa mtoto, pengine mwalimu mwenzake, pengine mzee wa usharika wetu. Hapo watu humjia mshauri usiku na kumwambia, "Funika kombe mwanaharamu apite." Akikubali, mtoto ameachwa mikononi mwa yule yule. Akikataa, huitwa mvunja nyumba za watu, na hubaki peke yake. Ndugu, kosa hilo si la mshauri, ni letu tuliomwacha.

Basi yatupasa nini? Wakati, chumba na mikono isiyoshika fimbo, hayo hawezi kujipa mwenyewe. Wazazi na wazee wana nafasi ya kusema katika mikutano ya shule. Waombe hayo matatu. Na siku mshauri atakapochukiwa kwa ajili ya mtoto, tusimame karibu naye mchana, watu wakiona.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika shule iliyo karibu nasi, mtoto mwenye shida azungumza na mshauri mahali gani?
2. Mwalimu mshauri wa shule hiyo hupiga viboko? Tumwombe nini mwalimu mkuu?
3. Je, tuliwahi kumwambia mtu afunike kombe? Mtoto yule yuko wapi leo?